Kurudi Kwenye Kazi ya Ubunifu Baada ya Kuacha kwa Miaka: Mwongozo Kamili

Anayerudi kwenye ubunifu baada ya miaka ya kuacha hujikwaa karibu kila mara palepale: anataka kuanzia alipoishia. Mwandishi anafungua riwaya iliyokwama sura ya tisa. Mpiga gitaa anaparamia wimbo mgumu kuliko zote alizowahi kuzipiga. Mchoraji anatandika turubai lenye urefu wa mlango. Jioni mbili zinapita, vitu vinarudi kabatini, na safari hii vinarudi pamoja na hukumu kwamba kipaji kimeisha.

Hakijaisha. Mkono ulilala wakati jicho liliendelea kukua. Miaka yote hiyo ulikuwa ukisoma, ukitazama, ukisikiliza. Ladha yako leo ni kali kuliko siku uliyoacha, ila vidole viko nyuma. Kwa hiyo unachokitengeneza sasa kimefanywa na mkono uliolala, kikapimwa na jicho lililo macho. Lazima kionekane kibaya, tena kibaya kuliko kilivyo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: mkono kwanza, kazi yenyewe baadaye. Tenga wiki sita hadi nane. Mifano nimeichanganya, ya uandishi, uchoraji, muziki, ushonaji na picha. Chukua inayokuhusu, nyingine ipite.

Hatua ya 1: Taja sababu iliyokufanya uache

Andika sentensi moja inayoanza na "Niliacha kwa sababu". Ukijikuta umeandika mbili, itazame vizuri ile ya pili. Mara nyingi ndiyo yenyewe.

Sababu inaamua uanzie wapi. Kama ulikosa muda kwa ajili ya mtoto mchanga, masomo, kazi mbili au kumuuguza mzazi, hiyo ni shida ya ratiba, na usiibebe kama shida ya nafsi. Kilichokunyima muda kikiwa kimepungua, huna cha kujichunguza; nenda moja kwa moja hatua ya pili. Kikiwa bado kipo palepale, panga upya dakika zako kabla ya kugusa chochote.

Kama ulichoka kwa sababu ulikuwa unaifanya kwa malipo, usianze tena na mteja. Rudi kupitia mlango ambao hakuna aliyewahi kukulipa kuupita: mpiga picha za sherehe apige vivuli ukutani, mwandishi wa matangazo aandike mashairi yasiyouzika. Ni wiki chache tu, lakini ni wiki zinazoamua kama utabaki.

Kama kuna mtu aliyekuvunja moyo kwa maneno, awe mhariri, mwalimu au ndugu, hatua ya kuonyesha watu kazi yako isogeze mbele kadiri uwezavyo. Kama ilikuwa msiba au ugonjwa, jipime kwa swali hili: hamu imepotea kwenye sanaa peke yake, au hata usingizi, chakula na watu umevikinai? Ikiwa ni hali ya pili, daktari au mshauri nasaha anatangulia, sanaa itakusubiri.

Halafu kuna wale walioacha tu. Wiki moja ikapita, mwezi ukapita, kisha aibu ya kurudi ikawa kubwa kuliko kazi yenyewe. Nadhani hawa ndio wengi, na ndio wanaotafuta sababu nzito ya kujieleza. Haihitajiki.

Hatua ya 2: Kagua zana kabla hujakagua kipaji

Siku ya kwanza usitengeneze chochote. Toa vitu vyote, viweke mezani, uvipitie kimoja kimoja. Nalisisitiza hili kwa sababu zana mbovu hujificha ndani ya kazi mbovu. Nyuzi zilizochoka hutoa sauti butu hata chini ya vidole vya bingwa, nawe utadhani ubutu ni wako.

Kwenye gitaa, pitisha kidole chini ya nyuzi. Ukihisi mikwaruzo, au kidole kikatoka na weusi, badilisha nyuzi zote kwa pamoja. Tazama pia nafasi kati ya nyuzi na ubao wa shingo. Zikiwa zimeinuka mno, shingo huenda imepinda. Mpelekee fundi kwanza. Ukilazimisha kupiga hivyohivyo, utabonyeza mpaka kiganja kiume na utajilaumu bure.

Rangi hazifanani. Za maji zilizokauka kwenye vibweta hufufuka kwa matone machache ya maji, hata baada ya miaka. Akriliki iliyoganda ndani ya tyubu haifufuki; itupe usihangaike. Ya mafuta mara nyingi huwa imekauka mdomoni tu, ukitoboa ule utando unakuta ndani bado laini. Brashi iliyokaukiwa na akriliki hairudishi ncha yake ya zamani, lakini usiitupe, inafaa kwa kukwaruza na kupiga madoa.

Kalamu ya wino iliyokaa na wino ndani usiilazimishe kuandika. Ifungue, loweka sehemu ya ncha kwenye maji ya uvuguvugu, ukibadilisha maji mpaka yatoke bila rangi. Maji ya moto yanaweza kupinda plastiki. Cherehani ifagie pamba na vumbi chini ya meno yanayovuta kitambaa, weka sindano mpya, tia mafuta ya cherehani pale inapotakiwa, kisha ushone kitambaa chakavu mpaka mshono utulie. Uzi wa zamani uvute kwa mikono miwili. Ukikatika kwa nguvu kidogo tu, utakatika pia kwenye nguo. Kamera ifungue sehemu ya betri uangalie kama kuna ungaunga uliovuja, na lenzi uielekeze kwenye mwanga: nyuzinyuzi nyembamba ndani ya kioo ni kuvu, na lenzi hiyo ikae mbali na nyingine mpaka fundi aione.

Wanaofanya kazi kwenye kompyuta wana kutu ya aina yao. Kabla ya kufungua faili yoyote ya zamani, nakili zote sehemu mbili tofauti, kisha ufungue nakala. Programu mpya ikiifungua faili ya miaka kumi iliyopita na kuihifadhi upya, inaweza kuharibu mpangilio usiorudishika. Maandishi yahamishe kwenye muundo wa kawaida unaosomeka na programu yoyote. Tafuta nywila zako sasa, si usiku ule utakapokuwa na wazo.

Sheria ya hatua hii ni moja: usinunue kipya ila kuchukua nafasi ya kilichooza. Kununua kunakupa raha yote ya kuanza bila kuanza, na daftari zuri sana lina tabia ya kubaki jeupe kwa sababu unaogopa kulichafua. Tumia karatasi ya hovyo mwezi wa kwanza.

Hatua ya 3: Amsha mkono

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayorukwa.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba hata orodha aliyokuwa hawezi tena kuitaja, akiirudia upya ilimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Ulichojifunza zamani kinaacha alama hata pale ambapo huwezi kukikumbuka. Stadi za mwili hushika zaidi ya maneno ya kukariri: umbo la tendo linabaki, vinavyotangulia kupotea ni kasi, usahihi na ustahimilivu. Basi vitu hivyo vitatu ndivyo unavyovirudisha, na hurudi kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hata siku usiyokuwa na hamu.

Chukua mpiga gitaa. Sugu za vidoleni zimeisha, ngozi ni laini. Siku za mwanzo dakika 10 hadi 15 zinatosha. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida, ya kifundo cha mkono au kiwiko ni amri ya kusimama. Achague wimbo mmoja aliokuwa akiumudu, si ule wa kujionyesha. Kama aliupiga kwa mapigo 100 kwa dakika, aweke metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, kwenye 60. Atagundua kwamba wimbo mzima unapita isipokuwa sehemu moja au mbili, labda pale kidole cha kwanza kinapolala juu ya nyuzi zote sita. Afanye sehemu hiyo peke yake, polepole, akisikiliza kila uzi kama unalia au umezibwa. Ikipita safi mara tatu mfululizo, aongeze mapigo matano. Ikikwama, apunguze kumi, si matano. Kuupiga wimbo mzima mara ishirini huku ukikosea palepale ni kujifunza kosa lile kwa bidii.

Mwimbaji aanze kwa kuvumisha mdomo ukiwa umefungwa, halafu kutetemesha midomo akipanda na kushuka sauti za katikati. Sauti za juu zisubiri. Koo likikwaruza, siku hiyo imekwisha.

Mchoraji atumie dakika tano kuchora mistari mirefu kwa kutembeza bega zima badala ya kifundo cha mkono, kisha mviringo juu ya mviringo mpaka mkono ulegee. Baada ya hapo achore kitu kilicho mbele yake, kiatu au mkono wake mwenyewe, bila kuitazama karatasi hata mara moja. Picha itakuwa kituko. Zoezi hili linalilazimisha jicho lifuate ukingo halisi wa kitu, na linakuondolea kabisa tamaa ya kupendeza, ambayo mwezi huu ni adui.

Waandishi hudhani hatua hii haiwahusu kwa kuwa wanaandika kila siku, barua pepe na ujumbe wa simu. Inawahusu kuliko wote. Mkono wa mwandishi ni sentensi, na sentensi ya ofisini imejifunza kujificha. Zoezi: eleza tendo moja dogo analolifanya mtu, kwa maneno 150. Kesho yake lieleze tena kwa maneno 50. Mazao ya siku ya kwanza huwa ya namna hii: "Alikuwa ni mtu ambaye alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake." Maneno 11, na hakuna kinachoonekana. Baada ya kubana na kubana inatoka: "Alifunga kamba za kiatu kimoja, akasahau kingine." Maneno saba. Huzuni haikutajwa, lakini ipo. Zoezi la pili ni kunakili kwa mkono, neno kwa neno, ukurasa mmoja wa mwandishi unayemheshimu. Nakala ni ya zoezi tu, haiendi popote. Kalamu ikifika kwenye kituo cha sentensi utashangaa: wewe ungeikata mapema, au ungeongeza neno, na hapo ndipo unapoanza kukumbuka kwamba sentensi hupangwa.

Endelea na mazoezi haya wiki mbili kamili kabla ya kutengeneza kitu chenye jina. Najua yanachosha.

Hatua ya 4: Litenge jicho na mkono

Muda wa kufanya uwe mbali na muda wa kuhukumu. Namna rahisi: kila ulichofanya kiandike tarehe, kitie kwenye bahasha au folda, usikitazame kwa siku 14. Wanamuziki warekodi kwa simu, wasisikilize. Siku ya 14 toa vyote, vipange kwa tarehe, tafuta mabadiliko tu. Mstari umenyooka zaidi? Sentensi imefupika? Mapigo yametulia? Swali la "ni nzuri?" liache, halina jibu la maana kwa sasa.

Kuna dhuluma nyingine ambayo watu hujifanyia hapa. Wanalinganisha kazi ya leo na kazi zao bora za zamani, kwa sababu ndizo zilizobaki. Zile mbaya walizitupa, au wamezisahau. Unajilinganisha na mchujo. Kama una bahati ya kuwa na daftari la zamani lililobaki zima, au rasimu za kwanza, zipekue. Utakuta kwamba hata siku zile ulipokuwa kwenye ubora wako, kurasa nyingi zilikuwa takataka, na uliendelea bila kujishtaki.

Hatua ya 5: Muda mdogo, mahali pamoja

Dakika 20, siku nne kwa wiki. Ni chache kiasi cha kuingia hata kwenye siku mbaya. Zifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kufikiri, mara baada ya kuamka au kabla ya kuoga jioni, badala ya kuzifunga kwenye saa ya ukutani ambayo kila mtu anaweza kuivuruga. Zana ziwe zimeshatandazwa: gitaa nje ya mfuko wake, daftari limefunguliwa, kitambaa kiko chini ya sindano. Simu iwe chumba kingine, na kengele ya dakika 20 ilie kwa kitu kingine chochote kisicho simu.

Kengele ikilia, acha katikati. Mwandishi aache sentensi nusu, mchoraji aache kona moja anayojua atakavyoijaza. Kesho hutakutana na ukurasa mtupu, utakutana na jambo linalodai kumaliziwa.

Ukikosa siku, haifidiwi. Anayekosa Jumanne akaamua Jumatano afanye dakika 40, Jumatano nayo ataikosa kwa kuiogopa. Na kinyume chake ni hatari vilevile: siku ya tano kazi inakolea, unakaa kwa muda wa saa nne, unalala na furaha, kisha siku sita hugusi kitu. Usivuke dakika 20 mpaka wiki ya nne, hata kama unawaka moto. Hasa kama unawaka moto.

Wiki ya tatu ndiyo mbaya. Upya wa kurudi umekwisha na mkono bado haujarudi. Punguza ziwe dakika 10, usikose. Ikipita hiyo, nyingi hupita.

Hatua ya 6: Maliza vitu vitatu vidogo

Sasa unaweza kutengeneza. Vitatu, vidogo, na vyote vimalizwe: hadithi ya ukurasa mmoja, mchoro wa ukubwa wa kiganja, rekodi ya dakika moja, mfuko wa kitambaa wenye mishono minne. Kumaliza ni stadi inayojitegemea, nayo hulala kama nyingine. Ina maamuzi ambayo mazoezi hayakufundishi: wapi pa kusimama, kipi cha kuacha kibaki na kasoro, kiitwe nani. Kila kitu kipewe jina, tarehe na mahali pa kukaa. Usirudi kukirekebisha.

Hata wakubwa wamepita njia hii. Mtunzi wa muziki wa Italia, Giuseppe Verdi, alitoa opera yake (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) Aida mwaka 1871, na opera mpya iliyofuata, Otello, ilionyeshwa mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 73. Katikati alishawishiwa na mchapishaji Giulio Ricordi na mwandishi wa maneno ya opera Arrigo Boito. Kabla ya kuifikia Otello, Verdi na Boito walishirikiana kwanza kuifanyia marekebisho opera yake ya zamani, Simon Boccanegra, iliyorudi jukwaani mwaka 1881. Kazi ya marekebisho, yenye mipaka, iliyowaonyesha kama wanaweza kufanya kazi pamoja. Mtu wa kimo kile hakuanza na mlima.

Kama unakosa la kutengeneza, jiwekee mipaka hadi uchaguzi uishe: rangi mbili tu, sauti tano tu, chumba kimoja na watu wawili. Wengi wanaosema hawana wazo wanayo mengi mno, na hawana cha kuwakatalia.

Hatua ya 7: Amua kuhusu kazi iliyokatika

Karibu kila aliyeacha ana maiti moja kabatini. Riwaya, albamu, mfululizo wa picha. Usiiguse kabla ya hatua ya sita, na ukiigusa, iguse kwa utaratibu huu.

Kwanza isome au uisikilize yote kwa kikao kimoja bila kalamu mkononi. Kalamu ikiwepo utaanza kusahihisha ukurasa wa kwanza, na mwezi ujao utakuwa bado unausahihisha. Ukimaliza, ifunge. Siku mbili baadaye, bila kuifungua, andika kwa kumbukumbu ulichobaki nacho: tukio, taswira, kipande cha sauti, mtu. Kilichorudi chenyewe ndicho kilicho hai. Vingine vyote, hata vile vilivyokugharimu miezi, vimekufa.

Kisha pima. Kama kilichobaki ni uti wa mgongo wa kazi, yaani unajua inakwenda wapi na bado unataka ifike, endelea. Lakini andika upya sehemu ya mwisho uliyoifikia bila kuitazama, ili sauti ya leo ndiyo iendeshe. Sauti ya zamani hutaipata tena, na mshono wa kuunganisha sauti hizo mbili utaonekana. Kwa hiyo jiandae kwamba ukifika mwisho utarudi kuandika upya na mwanzo. Kama kilichobaki ni vipande, ivunje kwa ajili ya vipuri: mhusika mmoja ahamie hadithi nyingine, kiitikio kizae wimbo mwingine. Na kama hakikubaki kitu, izike bila sherehe. Weka nakala, andika juu ya folda "imefungwa", endelea.

Kuendelea baada ya muda mrefu kunawezekana kabisa. Mshairi Rainer Maria Rilke alianza mfululizo wa mashairi yake makubwa mwaka 1912, vita na ukame wa kuandika vikaingia katikati, akaukamilisha mwaka 1922 akiwa Uswisi. Kwa maoni yangu, hata hivyo, wanaorudi wengi wangefanya vizuri kuchagua vipuri. Kazi ya zamani ilitaka kusemwa na mtu ambaye wewe si tena.

Hatua ya 8: Nani aone, na lini

Usitangaze kwamba umerudi. Tangazo linakuletea pongezi za kazi ambayo bado hujaifanya, na pongezi hizo zinatosha kukushibisha. Mpiga saksofoni Sonny Rollins alikuwa tayari na jina kubwa alipojiondoa jukwaani mwaka 1959. Alikwenda kufanya mazoezi kwenye daraja la Williamsburg jijini New York, juu ya mto, pasipo jirani wa kusumbua, mpaka aliporudi kwa wasikilizaji mwaka 1961. Wewe hutahitaji daraja, ila unahitaji mahali pa kukosea pasipo na hadhira.

Baada ya vitu vitatu kumalizika, tafuta mtu mmoja. Asiwe anayekupenda kiasi cha kusifia chochote, wala mwenye ushindani nawe. Usimuulize "unaonaje?" kwa sababu atajibu kwa adabu. Muulize ni wapi alipoanza kuchoka, na ni kitu gani anakikumbuka bila kuangalia tena. Majibu ya maswali hayo mawili yana kazi ya kukupa. Mengine yote shukuru uyaache. Na akianza kukueleza angefanya nini yeye, msikilize kwa heshima usiandike.

Hatua ya 9: Mwili na soko vimebadilika

Kwa ufupi. Macho ya leo yanaweza kuhitaji miwani au taa kali kuliko zamani. Pima kabla ya kudhani umepoteza ustadi wa vitu vidogo. Kiti na meza virekebishe. Mkono ukikataa kabisa zana ya zamani, badilisha zana. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941 uliomwacha dhaifu, miaka yake ya mwisho aliigeukia mikasi na karatasi zilizopakwa rangi, na kazi zile ni miongoni mwa zinazotambulika zaidi katika maisha yake.

Programu na miundo ya faili nayo imebadilika. Usijifunze yote. Jifunze kile tu ambacho kazi iliyo mezani leo inakidai, siku inapokidai. Masomo ya video ni njia nyingine ya kununua daftari jipya. Ukitaka kurudi kwa wateja, kazi ya kwanza ya kulipwa iwe ndogo, yenye tarehe ya mbali kuliko unavyodhani unahitaji, na idadi ya marekebisho iandikwe kwenye makubaliano kabla ya kuanza. Kasi ndiyo inayochelewa kurudi, na mteja hapaswi kuigharamia.

Hatua ya 10: Jiandalie kukatika kwingine

Utakatika tena: safari, ugonjwa, mtoto, mradi wa ofisini. Tofauti iko kwenye unachokiacha nyuma. Ukiona kazi itasimama kwa zaidi ya wiki mbili, tumia kikao cha mwisho kuandika karatasi moja ya maelezo kwa mtu atakayerudi. Andika kazi imefikia wapi, kwa sentensi tatu. Andika kitu kinachofuata, kidogo kabisa na dhahiri, kama "bega la kushoto bado halina kivuli" au "anafungua mlango, hatujui nani yuko nje". Andika shaka iliyokuwa inakusumbua, ili usianze kuigundua upya. Orodhesha rangi ulizochanganya na vipimo vyake, au namna ulivyofunga nyuzi, au toleo la programu. Safisha brashi, legeza nyuzi kidogo kama gitaa litakaa miezi, toa betri kwenye vifaa, toa wino kwenye kalamu. Nakili faili sehemu mbili. Karatasi ile ibandike juu ya kazi yenyewe, kwa nje, mahali ambapo huwezi kufungua kabati bila kuisoma.